Pikapu kuukuu itavuta, lakini je, itasimama?

Na Mwandishi Maalum, Kigali

WIKI tatu zilizopita mpwa wangu alikuja nyumbani kwangu Nyamirambo akiwa na furaha. Alikuwa amenunua mashine ya kukoboa mpunga mjini Kahama, Tanzania, kwa bei nzuri. Kilichobaki ni kuifikisha Kigali, safari ya zaidi ya kilomita 400.

"Mjomba," aliniuliza, "hivi hii Hilux yako inaweza kuvuta tani mbili?"

Nilimjibu kwamba inaweza. Akatabasamu. Kisha nikamuuliza: "Na kusimama nazo je, itaweza?" Hapo akanyamaza, akaniangalia kama mtu aliyesikia neno geni.

Simlaumu. Miaka mingi mimi pia sikuwahi kujiuliza swali hilo. Wengi wetu tuliorudi nyumbani kutoka Karagwe, Ngara, Mbarara au Masisi, na wengi tunaoishi kwa biashara ya mpakani, tunazijua pikapu hizi za dizeli za miaka ya 1990. Hazina kompyuta, fundi yeyote anazijua, na vipuri vyake havikosekani. Tumezipakia mahindi, saruji, mabati, hata ng'ombe. Nyuma tumezifungia tela zilizochomelewa mtaani kwa ekseli za magari yaliyokufa. Zinavuta. Ndiyo maana tunaziamini kupita kiasi.

Safari ya Agosti 2013

Mwishoni mwa Julai 2013 serikali ya Tanzania iliwataka wahamiaji wasio na vibali waondoke kabla ya Agosti 11. Maelfu ya watu wenye asili ya Rwanda walivuka Rusumo katika majuma yaliyofuata, wengi wakipokelewa katika kambi za muda za Kiyanzi wilayani Kirehe na Rukara wilayani Kayonza. Baba yangu mdogo, aliyekuwa ameishi Karagwe kwa zaidi ya miaka 30, alinipigia simu akaniomba nimfuate.

Nilikwenda na Hilux yangu yenye injini ya 3L, ile ya lita 2.8 isiyo na tabo, pamoja na tela ya kuazima. Ng'ombe alikuwa ameshawauza kwa bei ya kutupa. Kilichobaki cha thamani kilikuwa mashine ya kusaga na injini yake ya dizeli. Hiyo tukaiweka kwenye tela. Tukaongeza mabati, milango, vitanda, magunia ya maharage. Majirani waliokuja kutusaidia walikuwa wakisema, "Ongeza tu, gari halijalia." Kweli mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Baadaye, tulipohesabu gunia kwa gunia, tulikuta tela ilibeba zaidi ya tani moja na nusu, na pikapu yenyewe kilo 800 hivi mgongoni. Ukijumlisha na uzito wa gari, tulikuwa tunakaribia tani nne. Breki zilizokuwa na kazi ya kuzuia uzito huo zilitengenezwa kwa gari lisilofika tani tatu hata likiwa limejaa. Tela haikuwa na breki yoyote.

Vilima vyote tulivipanda. Moshi mweusi ulitoka, sindano ya joto ilipanda kidogo, lakini tulipanda. Nilijisifu moyoni.

Tulipopita Benaco ikawa jioni, na barabara ikaanza kuteremka kuelekea Rusumo, bondeni kwenye mto Kagera. Nilikuwa kwenye gia ya nne, mguu juu ya breki muda wote. Nikasikia harufu kama ya kitambaa kinachoungua. Kona iliyofuata, nilipokanyaga breki, kanyagio likaenda hadi chini bila kukamata. Nikapiga mara ya pili na ya tatu. Hakuna kitu. Tela ikaanza kutusukuma kwa nyuma.

Gia ya pili ilikataa kuingia. Ya tatu ikaingia kwa kelele, lakini mwendo haukupungua vya kutosha. Mama mdogo, aliyekaa katikati, alishika goti langu akaanza kusali kwa sauti ndogo. Nikaona ukingo wa udongo upande wa kushoto, nikalielekeza gari huko. Pikapu ilisimama. Tela ilizunguka ikapinduka, na mashine ikaangukia mtaroni.

Hakuna aliyeumia. Kichwa cha mashine kilipasuka vipande viwili. Baba mdogo alishuka, akaizunguka mara mbili, akasema, "Mwanangu, tushukuru tuko wazima." Hakusema neno jingine hadi tulipofika Kirehe. Mashine ile ndiyo ilikuwa mtaji wake wote. Nilimlipa kidogo kidogo kwa miaka mitatu, na kila nilipompelekea fedha aliniambia niache. Sikuacha.

Nilichoambiwa na fundi wa Gatsata

Niliporudi Kigali nililipeleka gari kwa fundi mmoja mzee wa Gatsata. Alilala chini ya gari kwa muda mfupi tu, akatoka akicheka kwa huzuni. "Wewe ndiye uliyeharibu breki zako," alisema, "siku ulipoongeza springi."

Hilo sikulitegemea. Kama wafanyabiashara wengi, nilikuwa nimeongeza mapande mawili ya springi nyuma ili gari lisikae chini likipakiwa. Fundi alinionyesha kifaa kidogo juu ya ekseli ya nyuma, kilichounganishwa kwa fimbo ya chuma. Gari linapopakiwa na bodi kushuka, fimbo hiyo hukiambia kifaa kipeleke nguvu zaidi kwenye breki za nyuma. Ukiongeza springi, bodi haishuki, na kifaa kinadhani gari ni tupu. Breki za nyuma zinapata nguvu ndogo na za mbele zinabeba kazi yote. Dawa yake si ghali: ukiongeza springi, kifaa hicho lazima kirekebishwe. Mafundi wengi hawakigusi.

La pili lilikuwa mafuta ya breki. Sikuwahi kuyabadilisha. Mafuta haya hunyonya maji kutoka hewani kidogo kidogo. Yale ya kawaida ya DOT 3 yakiwa mapya hayachemki kabla ya nyuzi 205, lakini yakishanyonya maji kiwango chake kinaweza kushuka hadi nyuzi 140. Yakichemka, ndani ya bomba kunakuwa na mvuke, na mvuke hubonyea. Ndiyo maana kanyagio lilikwenda hadi chini. Tangu hapo nayabadilisha kila baada ya miaka miwili.

La tatu lilikuwa mkanda. Katika injini hizi pampu inayoipa breki wepesi imefungwa nyuma ya alteneta. Mkanda ukikatika, unapoteza chaji, feni, maji kuzunguka, na pia wepesi wa breki. Wangu ulikuwa umepasukapasuka; ni bahati tu haukukatika siku ile. Kwa sababu hiyo hiyo, dereva anayezima injini mteremkoni ili kubana mafuta anajiondolea breki mwenyewe.

Mlima unakuonya, mteremko haukuonyi

Ndugu msomaji, haya ndiyo ninayotaka uyashike. Tunapima uwezo wa gari kwa kuangalia kama litapanda, lakini mlima una adabu: injini ikilemewa inatoa moshi, inapunguza mwendo, sindano inapanda. Una muda wa kusimama na kufikiri. Mteremko hauna onyo la namna hiyo. Kwa hiyo pakia kulingana na unachoweza kukizuia.

Kupanda nako kuna kanuni zake. Kigali iko kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,500, na huku hewa ni nyepesi. Injini isiyo na tabo hupoteza karibu asilimia 15 ya nguvu ikilinganishwa na pwani. Moshi mweusi maana yake unaipa mafuta yasiyo na hewa ya kuyachoma. Kukanyaga zaidi hakuongezi nguvu, kunaongeza joto. Rudisha gia mapema, punguza mguu. Sindano ikipanda, simama mahali tambarare, acha injini iungurume taratibu, wala usifungue mfuniko wa rejeta ikiwa bado ya moto. Vichwa vya silinda vya injini hizi hupasuka kwa joto.

Wakati wa kushuka, ingiza gia ndogo kabla mteremko haujaanza. Madereva wa zamani wanasema gia uliyopandia ndiyo ya kushukia, na ukiwa na tela chukua iliyo chini yake. Injini ya dizeli ya kizamani haishiki sana unapoachia mafuta, ndiyo maana gia ya nne haikunisaidia. Kanyaga breki kwa nguvu muda mfupi, mwendo upungue, kisha achia ipoe. Kumbuka pia kwamba mwendo ukizidishwa mara mbili, kazi ya breki inazidi mara nne. Kutoka kilomita 40 kwa saa hadi 80 si jambo dogo.

Kabla ya kufunga tela

Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu usafiri wa barabarani unaitambua tela nyepesi kuwa ile isiyozidi kilo 750 pamoja na mzigo wake. Mimi nimeufanya huo kuwa mpaka wangu kwa tela isiyo na breki. Ikizidi hapo, iwe na breki zake au isiondoke. Aidha, hakikisha leseni yako na bima vinaihusu tela pia, si gari peke yake. Ukivuka mpaka, ulizia Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo inatumika Rwanda na Tanzania.

Mzigo mzito ukae mbele kidogo ya ekseli ya tela, ili kiasi cha asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa tela kiegemee kwenye ndoano. Ukiweka uzito nyuma, tela itaanza kucheza mkia na kukuvuta barabarani. Funga minyororo miwili, uipishanishe chini ya ndoano. Beba tairi la akiba la tela, na magogo mawili ya kuzuia magurudumu unaposimama.

Ukishavuka Rusumo unahama kutoka upande wa kushoto kwenda kulia. Kama usukani wako uko kulia, huoni mbele ya lori unalotaka kulipita. Ukiwa na tela, usilipite. Ukifika Kayonza, shuka uguse kitovu cha kila gurudumu kwa mgongo wa mkono. Kinachounguza kuliko vingine kina breki inayong'ang'ania au beringi inayokufa. Baada ya Nyagasambu kuna bonde la Rugende. Usikubali kushuka kule ukiwa na mashaka.

Rusumo ya leo si ile ya 2013. Daraja jipya limechukua nafasi ya lile la mwaka 1972, na mwaka 2016 marais Paul Kagame na John Magufuli walizindua kituo cha pamoja cha mpakani. Foleni imepungua. Lakini mto uko pale pale bondeni, na bado unaufikia kwa kuteremka.

Mashine ya mpwa wangu

Tulikaa na kalamu. Mashine ya mpwa wangu pamoja na injini yake ilifika kilo 1,900. Aliponiuliza tena, nilimwambia pikapu yangu haiendi. Alinuna siku mbili, akidhani namnyima gari. Siku ya tatu alirudi, tukatafuta Fuso lililokuwa linakuja Kigali likiwa na nafasi, mashine ikapakiwa humo. Mimi na yeye tulikwenda na Hilux hadi Rusumo kuipokea, tukarudi na mikanda, chekeche na vifaa vidogo mgongoni, bila tela.

Njiani tulipita kwa baba mdogo Kabarondo. Nusu ya kile kichwa cha mashine kilichopasuka bado iko uwani kwake, kuku wanatagia humo. Mpwa wangu aliuliza ni chuma cha nini. Baba mdogo alinitazama, akacheka, akasema, "Muulize mjomba wako, ndiye dereva."

Nikamweleza yote, tangu Karagwe.