Kiota Kwenye Kopo la Maziwa

Ndege mama anawalisha makinda kiotani. Picha hiyo ya kampuni ya Nestlé imo kwenye makopo ya maziwa ya watoto ya NAN na Lactogen, na wanunuzi wengi huidhania pambo tu. Kumbe ni jina la mtu: kwa lahaja ya Kijerumani ya ukoo wake, Nestlé ni kiota kidogo.

Henri Nestlé, mfamasia mzaliwa wa Frankfurt aliyehamia Vevey, Uswisi, alitoa unga wake mwaka 1867: maziwa ya ng'ombe, unga wa ngano na sukari. Miongoni mwa waliolishwa mwanzoni ni mtoto njiti ambaye chakula kingine kilikuwa hakimkai tumboni. Akapona. Siku zile mtoto aliyekosa ziwa la mama, na asipatikane wa kumnyonyesha, mara nyingi hakutimiza mwaka. Unga ule uliokoa maisha, na ni haki kulisema hilo kwanza.

Waliofuata nao walichagua majina kwa makini. Glaxo, maziwa ya unga ya New Zealand, iliandikishwa mwaka 1906 baada ya jina Lacto kukataliwa. Similac ya Marekani, ya miaka ya 1920, imeundwa na maneno yenye maana ya "kama maziwa ya mama". Jina lenyewe ni ahadi.

Ahadi hiyo ilipofika kwenye nchi zisizo na maji safi, iliua. Mwaka 1939 daktari Cicely Williams, yule aliyelitambulisha jina la kwashakoo kwa madaktari wa dunia, alisimama Singapore na kuwashutumu waliowauzia akina mama maziwa matamu ya kopo kama chakula cha wachanga. Hotuba yake aliiita "Maziwa na Mauaji". Hata hivyo, miongo kadhaa baadaye kampuni zilikuwa bado zikituma wauzaji waliovaa sare za wauguzi wodini. Mzazi aliyejifungua jana atamkatalia vipi muuguzi?

Mwaka 1977 Wamarekani walianza kuzisusia bidhaa za Nestlé. Mei 1981 Shirika la Afya Duniani likapitisha kanuni za kimataifa: marufuku kuyatangaza maziwa haya kwa umma, marufuku kugawa sampuli kwa akina mama, marufuku picha ya mtoto kwenye kopo. Marekani peke yake ilipiga kura ya kupinga. Kenya ilitunga sheria yake mwaka 2012.

Hata hivyo, wapo wanaoyahitaji kweli maziwa ya kopo, kama yatima aliyeachwa na siku mbili. Kwao, maandishi ya nyuma ya kopo ni muhimu kuliko jina la mbele. Unga huo hauna uhakika wa kutokuwa na vijidudu, ndiyo maana wataalamu hushauri ukorogwe kwa maji yaliyochemshwa, yakiwa bado na joto lisilopungua nyuzi 70, kisha maziwa yapoozwe kabla ya mtoto kupewa. Kijiko cha kopo moja si kipimo cha kopo jingine.

Halafu kuna bei. Bibi anayelea mjukuu hulivuta kopo lifike mwisho wa mwezi: panapotakiwa vijiko vinne, anatia viwili. Chupa bado ni nyeupe, mtoto ananyonya mpaka anasinzia. Kwenye kadi ya kliniki, mstari wa uzito unashuka.