Rujewa ilivyopokezana miwani kutazama jua

Septemba 1, 2016, Rujewa ilipata wageni ambao hawakufuata mchele. Mji huo mdogo wa wilaya ya Mbarali, mkoani Mbeya, unajulikana kwa mpunga, lakini siku hiyo wanafunzi, walimu na watalii walikuwa wamefuata jua. Wenyeji nao walitoka kuungana nao.

Ilipokaribia saa sita mchana, mwezi ulikaa katikati ya jua. Zaidi ya sehemu tisa kwa kumi za uso wa jua zilifunikwa, ikabaki pete nyembamba iliyodumu takriban dakika tatu. Usiku haukuingia, maana hata pete hiyo ina mwanga wa kutosha kuuweka mchana. Nuru ilififia tu, na joto likapungua. Jua ni pana kuliko mwezi takriban mara 400, lakini pia liko mbali nasi takriban mara 400 zaidi, ndiyo maana machoni petu vinakaribia kulingana. Wiki ile mwezi ulikuwa unaelekea sehemu ya mbali ya njia yake, ukaonekana mdogo, ukashindwa kulifunika jua lote. Dk. Noorali Jiwaji wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania alikuwa miongoni mwa waliowaeleza wananchi mapema juu ya kupatwa huko kwa kipete.

Tangu mwezi unapoanza kulimega jua hadi unapoliachia huweza kupita saa tatu na zaidi. Hakuna shingo inayovumilia kuangalia juu muda wote huo, kwa hiyo miwani maalumu moja yatosha familia nzima. Anayetazama humsimulia anayengoja, kisha huivua na kumpa mwenzake kabla hajaanza kulalamikiwa.

Asiye na miwani asijifungie ndani. Aende chini ya mwembe. Matundu madogo kati ya majani huchora jua ardhini, na linapomegwa, vumbi lote hujaa vijijua vyenye umbo la mwezi mwandamo. Chujio la jikoni hufanya kazi hiyo hiyo: ulipe jua mgongo, ulishike juu ya karatasi nyeupe, tazama kivuli chake. Nionavyo mimi, njia hii inaishinda miwani, kwa sababu bibi na mjukuu wanaona kitu kimoja kwa wakati mmoja, bila foleni.

Hatari iko kwenye njia za mkato. Miwani ya kawaida ya jua, filamu ya eksirei na beseni la maji havikingi macho. Sehemu ya nyuma ya jicho inayopokea mwanga haina hisia ya maumivu. Mtu huungua akiwa anafurahi, na madhara huyajua baadaye.

Kwa Waislamu, saa hizo zina swala yake, inayoswaliwa kwa jamaa. Jua lilipopatwa siku aliyofariki Ibrahim, mwana wa Mtume Muhammad, watu walihusisha mambo hayo mawili. Mtume akawakataza: jua na mwezi havipatwi kwa kufa wala kuzaliwa kwa mtu.

Bahati nayo ina sehemu yake. Novemba 3, 2013, Pakwach, kaskazini mwa Uganda, jua lilifunikwa lote kwa sekunde chache, huku waliosafiri hadi Turkana nchini Kenya wakizibiwa na mawingu na dhoruba ya vumbi.

Agosti 2, 2027, mji wa Luxor nchini Misri utapata giza kamili kwa zaidi ya dakika sita. Nairobi italiona jua likimegwa kwa sehemu. Kisha Mei 21, 2031, asubuhi, kipete kitapita tena kusini mwa Tanzania. Itakuwa Jumatano, siku ya shule. Walimu wakuu, wekeni tarehe hiyo kwenye ratiba, tafuteni miwani iliyothibitishwa mapema, na siku ikifika msiwafungie watoto madarasani.