Nani Alipie Kulowesha Kifaa?

Regyuleta ya kuzamia, ile inayoshusha mgandamizo wa hewa ya mtungi kutoka baa 200 hadi kiasi ambacho pafu la binadamu linakimudu, huuzwa kuanzia kama dola 300 hadi zaidi ya 1,000. Kompyuta ya mkononi, inayomwambia mzamiaji amebakiwa na dakika ngapi chini, huanzia kwenye dola 200 na nyingine hupita hata bei ya regyuleta. Ongeza jaketi la hewa, suti, mapezi na miwani: hapo mtu amekwisha tumia fedha za kununulia pikipiki mpya. Tofauti ni kwamba pikipiki ataruhusiwa kuiwasha na kuizungusha uwanjani kabla ya kutoa shilingi. Vifaa vya kuzamia karibu vyote huuzwa vikiwa vikavu.

Si uchoyo wa wenye maduka. Regyuleta ikishaingia maji ya chumvi na kutafunwa na meno ya mteja, imekuwa ya mtumba hata kama imekaa baharini nusu saa tu. Kuilowesha nako kuna gharama: bwawa au boti, mtungi uliojazwa, mtu mwenye cheti wa kuandamana na mteja, na bima. Kwa hiyo swali la kibiashara si kama mteja ajaribu au asijaribu. Kila mtu anakubali kwamba ajaribu. Swali ni nani alipie.

Ulaya na Marekani watengenezaji wenyewe hubeba sehemu ya mzigo huo. Scubapro, iliyo chini ya kampuni ya Johnson Outdoors ya Wisconsin, Mares na Cressi za Italia, pamoja na Aqualung, ambayo asili yake ni regyuleta ya mwaka 1943 ya Wafaransa Jacques Cousteau na Émile Gagnan, ni kati ya majina makubwa ya soko hili. Kampuni za aina hii hushirikiana na maduka kuandaa siku za majaribio. Gari lililosheheni vifaa hupelekwa kando ya ziwa au machimbo ya mawe yaliyojaa maji, mfano Stoney Cove kule Leicestershire, Uingereza. Mzamiaji huonyesha cheti, huandikisha jina, hukabidhiwa regyuleta mpya, na akirudi juu huieleza kasoro zake mbele ya mtu wa kampuni. Maonyesho ya boot ya Düsseldorf, yanayofanyika kila Januari, huwa na bwawa la kuzamia humo humo ukumbini. Ya DEMA, ambayo mara nyingi huzunguka kati ya Las Vegas na Orlando, ni ya wafanyabiashara peke yao. Mteja wa kawaida hana nafasi.

Kuna jambo moja ambalo msomaji wa pwani yetu anapaswa kulitazama kwa makini akisikia sifa za vifaa vilivyoshinda huko. Machimbo ya Uingereza ni baridi. Kipimo cha Ulaya, EN 250, kina fungu lake maalumu la regyuleta za maji yaliyo chini ya nyuzi joto 10, kwa kuwa huko kifaa kinaweza kuganda kikaachia hewa bila kukoma. Maji ya Pemba na Watamu hushuka hadi kama nyuzi 24 kusi linapovuma, na kupanda hadi 29 hivi wakati wa kaskazi. Anayenunua regyuleta yenye kifuniko cha kuzuia barafu analipia hatari ambayo hapa haipo. Ingawa, na hili wauzaji hawalitaji vya kutosha, kifuniko hicho hicho huzuia chumvi na mchanga kuingia ndani, na hilo lina thamani kubwa kwa boti zinazopakia wageni kutoka ufukweni.

Turudi kwenye gharama. Mwaka 2007 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya Leegin, kampuni ya mikoba na mikanda ya wanawake iliyotaka maduka yasiuze chini ya bei iliyopangwa. Kwa kura 5 dhidi ya 4, mahakama ilifuta kanuni ya tangu 1911 iliyokuwa ikiharamisha mipango hiyo moja kwa moja. Mikoba haihusiani na bahari, lakini hoja iliyozingatiwa na majaji inaigusa biashara hii barabara: duka moja hugharimia maelezo, huduma na majaribio, mteja akaridhika, kisha akaenda kununua kwa muuzaji wa bei nafuu ambaye hakugharimia chochote. Tangu mauzo ya intaneti yashamiri, hicho ndicho kilio cha kila mwenye duka la kuzamia mwenye bwawa. Baadhi ya watengenezaji walijaribu kuwalinda wauzaji wao kwa kufunga udhamini na vipuri vya bure kwenye sharti kwamba kifaa kinunuliwe na kufanyiwa sevisi kwa wakala anayetambuliwa.

Kilio hicho hicho kipo kwetu, ila hakisikiki, kwa sababu anayelia hajui kwamba ameibiwa. Vituo vya kuzamia vya Nungwi, Matemwe, Ghuba ya Chole kule Mafia, Diani na Watamu ndivyo vyumba vikubwa vya majaribio vya vifaa vya kuzamia katika ukanda huu. Mgeni anajifunza kwa jaketi na regyuleta za kituo. Vituo vingi huweka kodi ya vifaa ndani ya bei ya safari, kwa hiyo mgeni hata hahisi kwamba anajaribu bidhaa. Siku nne baadaye kidole chake kinakijua kitufe cha kujazia jaketi bila kutazama. Akirudi Berlin au Milano huingia dukani na kuomba kile alichokizoea. Faida ya mauzo inabaki huko. Chumvi, mikwaruzo na oringi za mpira zilizokatika zinabaki Nungwi.

Watengenezaji wanaujua mnyororo huu vizuri, ndiyo maana huvipa vituo punguzo la bei ya jumla kwa seti za kukodisha. Ninaona punguzo hilo ni malipo madogo mno. Kituo kinachotoa cheti kwa wageni kwa vifaa vya chapa moja kinafanya kazi ya wakala wa mauzo, na wakala hupewa kamisheni. Utaratibu wa msimbo wa punguzo wenye jina la kituo, mteja autumie popote atakaponunua, ni kitu ambacho biashara nyingine za mtandaoni hufanya kila siku.

Mnunuzi wa hapa hapa ni habari nyingine. Yeye ni daivumasta (mwongozaji wa wazamiaji) wa Diani, mwalimu wa Kendwa, mtafiti wa matumbawe, au mfanyakazi wa ofisini Nairobi anayeshuka pwani siku za mapumziko. Maduka yenye shehena ya kutosha ni machache, na kifaa kikiagizwa nje huongezewa nauli, ushuru wa forodha na VAT, asilimia 16 Kenya na 18 Tanzania Bara. Ndiyo maana vifaa vingi huingia kwenye begi la mgeni au la ndugu anayerudi likizo. Ni njia ya haraka, lakini ndiyo hasa kuuziwa mbuzi kwenye gunia: saizi ikikataa, begi limekwisha rudi Ulaya.

Vingine vinaweza kupimwa bila gharama yoyote. Miwani haihitaji hata tone la maji. Iweke usoni bila mkanda, vuta hewa kidogo kwa pua, achia mkono, inamisha kichwa. Ikidondoka, hata mkanda ukazwe vipi, itavuja. Mwenye masharubu aongeze subira. Jaketi linataka bwawa, na kosa la wengi ni kulijaribu wakiwa chini ya maji tu, mahali ambapo karibu majaketi yote ni mazuri. Lijaze hewa pomoni ukiwa juu ya maji, risasi zote za uzito zikiwa mahali pake, kisha tulia kana kwamba unasubiri boti iliyochelewa. Lile linalojaa mgongoni pekee hukusukuma uso mbele. Lile linalojaa mbavuni hukubana pumzi. Ni upi kati ya usumbufu huo unaouvumilia, hakuna katalogi itakayokujibu.

Regyuleta haipimiki bwawani. Kwenye mita 30 hewa unayovuta ni nzito mara 4 kuliko ya juu, na hapo ndipo ya bei poa na ya bei ghali huachana. Bwawa la hoteli la mita 2 huzifanya zote pacha. Angalia pia kifungo: mitungi mingi ya alumini ya vituo vyetu hupokea kile cha kubana kwa kishikio, wakati wazamiaji wengi wa Ulaya hutumia cha kuskurubu, kwa hiyo regyuleta iliyotoka kwenye begi la mgeni huenda ikahitaji adapta.

Kompyuta ndiyo inayodanganya wanunuzi kuliko vyote, kwa kuwa dukani kinachoonekana ni kioo na rangi. Vaa mbili mkono mmoja kwa siku nzima, ukifuata ile inayotoa dakika chache. Mzamo wa kwanza zitakubaliana takriban. Wa tatu, moja inaweza kuwa inakuruhusu kubaki huku nyingine inakuhimiza upande. Suunto kwa miaka mingi zilifuata hesabu ya dakika iitwayo RGBM, na Shearwater za Kanada hutumia ya Bühlmann yenye viwango ambavyo mwenyewe unaweza kuvibadili. Mwongozaji anayeshuka na wageni kila siku ya msimu hulipwa kwa dakika hizo.

Jaribio halionyeshi jambo moja kubwa, nalo ni fundi. Regyuleta huhitaji sevisi kila mwaka au miwili kutegemea chapa na matumizi, na bila pakiti ya vipuri yenye namba sahihi, fundi hodari naye hukaa mikono mitupu. Ndiyo maana kituo makini hununua seti zote za aina moja, hata kama mwenyewe angependa chapa nyingine. Mnunuzi binafsi wa pwani angefanya vyema kuuliza kwanza kituo cha jirani kinafungua regyuleta gani, kisha achague ndani ya jibu hilo.

Soko lenye majaribio ya kweli kabisa hufunguka wakati wa masika, Aprili na Mei, baadhi ya vituo vinapofunga na kupunguza vifaa vya zamani. Wanunuzi wa kwanza ni wafanyakazi wa vituo hivyo, na wao hawana haja ya kujaribu: wamezibeba seti hizo msimu mzima, na wanajua jaketi lipi linavuja kwenye vali ya begani. Mtu wa nje anayetaka kuingia kwenye foleni hiyo aombe kukodi seti kwa siku mbili, kodi ikatwe kwenye bei akiichukua, na adai daftari la sevisi. Seti isiyo na daftari ihesabiwe kuwa haijawahi kufunguliwa, na gharama ya sevisi kamili itolewe kwenye bei kabla ya mazungumzo kuanza.