Maji, Mafuta na Hari ya Injini

Lori lililojaa shehena linapoupanda mlima wa Kitonga, katika njia ya Iringa, likienda kwa gia ndogo na kwa mwendo ambao mtu wa miguu aweza kuandamana nao, injini yake hufanya kazi kubwa kabisa wakati uleule ambapo upepo upitao katika rejeta umekuwa haba kabisa. Katika nguvu iliyomo ndani ya dizeli, theluthi moja au zaidi kidogo ndiyo igeukayo kuwa mwendo; iliyosalia ni hari tupu, nyingine ikitokea kwa bomba la moshi, nyingine ikibaki katika chuma, na hiyo sharti iondolewe, kwa kuwa moto wa ndani ya silinda hupindukia digrii 2,000, ilhali alumini, madini yanayofanyiwa pistoni nyingi, huyeyuka kwenye digrii 660.

Kazi hiyo hupewa maji kwanza, na kwa haki. Kilo moja ya maji haipandi digrii moja mpaka imeze kilojuli 4.2, ilhali kilo ya mafuta ya injini hutosheka na kilojuli 2 hivi. Aliyewahi kuunguzwa na mafuta ya kukaangia hudhani kwamba mafuta hubeba hari nyingi kuliko maji, kumbe hupanda upesi kwa sababu hubeba kidogo.

Lakini maji yana mpaka. Pwani huchemka kwa digrii 100, na Nairobi, penye hewa nyepesi, kwa digrii 94 hivi. Yakishageuka mvuke hayaishiki tena hari ya chuma ipasavyo. Ndiyo maana rejeta hufungwa mfuniko wenye springi, uzuiao shinikizo lisitoke, hata maji yasichemke mpaka karibu digrii 120. Kifaa hiki kidogo hudharauliwa mno, na wengi huridhika na chochote kiwezacho kuziba tundu. Tena anayekifungua injini ingali moto huondoa lile shinikizo ghafula, na maji yaliyokwisha pita kiwango chake cha kuchemka hulipuka kuwa mvuke usoni pake.

Mafuta huenda pasipofika maji: katika beringi za krenkshafti, na chini ya pistoni, ambako injini nyingi za malori huyarusha kwa mirija midogo. Huko hulainisha na kupoza kwa pamoja, yakistahimili joto ambalo lingeyafanya maji kuwa mvuke. Kisha, katika malori mengi, hupitishwa kwenye kipoza-mafuta, yakayakabidhi maji mzigo wake. Mafuta yakipungua, hari ileile hugawanywa kwa lita chache, nayo huwa mepesi na kuchakaa kabla ya wakati.

Tena zimekuwako injini zilizopozwa bila maji: Volkswagen ya mtindo wa kobe, iliyoshinda mashindano ya magari ya Safari mwaka 1962, haikuwa na rejeta ya maji hata kidogo. Ilitegemea upepo wa feni na mafuta yake.

Tukirudi kwenye lori letu, dereva afikaye kileleni na kuizima injini papo hapo huyasimamisha maji na mafuta pamoja, ilhali chuma kingali na hari yake yote. Heri aiache ingurume dakika chache, hasa ikiwa na tabo (turbo), kwani mafuta yaliyosimama ndani ya beringi za tabo iliyo moto huungua yakawa masizi magumu, na masizi hayo huziba njia ambayo mafuta mapya yangepita.