Kutoka Kaunas hadi Edinburgh: Walithuania walioihama nchi, wasiiache jezi

Mei 26, 2004, Gelsenkirchen, Ujerumani. Porto ya Jose Mourinho inaichapa Monaco mabao 3-0 na kubeba Ligi ya Mabingwa Ulaya. Wengi tunamkumbuka Benni McCarthy, huyu aliyekuja kuinoa Harambee Stars ya Kenya, akiingia kipindi cha pili. Kwenye benchi hilohilo alikuwepo straika mrefu ambaye usiku ule hakupata dakika hata moja. Ni Edgaras Jankauskas, mzaliwa wa Vilnius.

Siku 25 kabla ya fainali hiyo, Mei 1, nchi yake Lithuania ilikuwa imejiunga na Umoja wa Ulaya. Uingereza, Ireland na Sweden zikafungua milango ya ajira papo hapo, na Walithuania wakafunga mizigo. Jankauskas alikuwa ametangulia tu.

Nchi iliyopungua

Lithuania ilitangaza kurejesha uhuru wake kutoka Umoja wa Kisovieti Machi 11, 1990. Wakati huo ilikuwa na watu takriban milioni 3.7. Sensa ya 2021 ikahesabu milioni 2.8. Ndiyo, watoto wanaozaliwa wamepungua, lakini wengi waliondoka kwenda kutafuta riziki kwenye mashamba, viwanda vya vyakula na ujenzi wa wenzao.

Kwa soka hilo ni pigo. Tena hii ni nchi ambayo mchezo wake namba moja ni kikapu, soka linaokoteza kinachobaki. Ukiondoa na vijana waliohama na wazazi wao, kocha wa timu ya taifa anachagua kutoka wapi?

Daraja la Hearts

Mwaka 2005 tajiri aliyekulia Kaunas, Vladimir Romanov, aliichukua Hearts ya Edinburgh. Wachezaji wa Kilithuania wakaanza kumiminika Scotland, wengi kwa mkopo kutoka FBK Kaunas. Jankauskas naye akatua. Mei 2006, chini ya kocha Mlithuania Valdas Ivanauskas, Hearts ikabeba Kombe la Scotland kwa matuta dhidi ya Gretna.

Mashabiki hawakuwapenda wote. Baadhi walilalamika timu yao imegeuzwa tawi la Kaunas. Ila mmoja aliwashika kabisa.

Marius Žaliūkas, beki wa kati kutoka Kaunas, alifika 2006 akiwa na miaka 22. Alikosea, akazomewa, akakomaa, akapewa kitambaa cha unahodha. Mei 19, 2012 Hearts ilikutana na mahasimu wao wa jiji moja, Hibernian, fainali ya Kombe la Scotland. Unajua dabi ilivyo. Hearts ikashinda 5-1, na aliyenyanyua kombe ni kijana wa Kaunas.

Hakuwa nahodha wa kwanza mwenye damu ya Lithuania kutamba Scotland. Billy McNeill, aliyenyanyua Kombe la Ulaya na Celtic mwaka 1967, upande wa mama yake walikuwa Walithuania. Alizaliwa Bellshill, eneo la migodi ya makaa ya mawe ambako Walithuania walihamia tangu karne ya 19.

Pasipoti moja tu

Hapa ndipo penye ubishi. Ukitaka kuichezea nchi, FIFA inataka uwe raia wake. Katiba ya Lithuania nayo inabana uraia pacha. Waliokimbia enzi za Wasovieti wanaruhusiwa kuwa na pasipoti mbili, lakini mtu mzima aliyeondoka baada ya Machi 11, 1990 akachukua uraia wa Uingereza, kwa kawaida anapoteza wa nyumbani.

Mara mbili wananchi wameulizwa kwa kura ya maoni, Mei 2019 na Mei 2024. Mara zote mbili wengi wa waliopiga kura walisema ndiyo. Mara zote mbili ikagonga mwamba, kwa sababu inatakiwa zaidi ya nusu ya wote walioandikishwa, siyo waliojitokeza tu. Sisi Tanzania, ambako mtu mzima haruhusiwi uraia pacha, tunaijua ladha ya mjadala huu.

Hata hivyo, upepo umeanza kugeuka. Mwaka 2019, kwa mara ya kwanza tangu uhuru urejee, walioingia Lithuania walikuwa wengi kuliko waliotoka. Jankauskas naye alirudi akaifundisha timu ya taifa.

Mkataba wa moyo

Benki ya Romanov, Ūkio Bankas, ilianguka Februari 2013. Juni mwaka huo Hearts ikawekwa chini ya wasimamizi wa mufilisi, na mashabiki wakachangishana kuiokoa. Daraja la pesa likavunjika.

La watu halikuvunjika. Oktoba 31, 2020 Žaliūkas alifariki dunia akiwa na miaka 36, kwa ugonjwa wa neva unaodhoofisha misuli. Kaunas walimlia mtoto wao, Edinburgh wakamlia nahodha wao. Pasipoti yake ilikuwa moja, waliomlilia walikuwa wa miji miwili.