KUMBUKUMBU AU KADI YA PICHA? MATUMIZI YA FEDHA KIDOGO KWA KOMPYUTA YA CHAMA

Katika vyama vingi vya msingi kompyuta imekwisha kuchukua kazi ya leja, ya stakabadhi za mazao na ya orodha za malipo. Kwa hiyo inapozorota wakati wa msimu, hasara si ya ofisi peke yake. Mkulima aliyeleta mazao asubuhi hukaa barazani hadi jua kuchwa akingoja hesabu yake. Karani huanza kuandika kwenye vipande vya karatasi, na makosa huingia. Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari lisilofunguka kwa wakati halitofautiani sana na daftari lisilokuwapo.

Hapo ndipo kamati hukutana kutafuta dawa. Mara nyingi fedha iliyomo katika makisio yatosha kununua kifaa kimoja tu, na mashauri huwa mawili: kuongeza kumbukumbu, ambayo mafundi huiita RAM, au kununua kadi ya picha. Yafaa ieleweke tangu mwanzo kwamba vifaa hivi havifanyi kazi moja.

KAZI YA KILA KIFAA

Ofisi ya chama yenyewe yatoa mfano. Prosesa ni karani, diski ni kabati la mafaili, na kumbukumbu ni meza ambayo juu yake karani hufungua leja anazozitumia saa ile. Meza ikiwa ndogo, hulazimika kurudisha leja moja kabatini kila atakapo kufungua nyingine, na muda wake mwingi huishia njiani. Ndivyo ifanyavyo kompyuta yenye kumbukumbu haba: hugeuza sehemu ya diski kuwa meza ya dharura, na diski ni ya polepole mno kuliko kumbukumbu.

Kadi ya picha ni mchoraji aliyeajiriwa kando, mwenye meza yake mwenyewe. Kazi yake ni kuchora yale yaonekanayo kwenye kioo. Hajumlishi kilo za mazao wala hatafuti jina la mwanachama katika orodha. Kompyuta nyingi za ofisi zina mchoraji mdogo ndani ya prosesa, ambaye huazima sehemu ya meza ya karani. Uwezo wake watosha kwa barua, majedwali ya hesabu na video za kawaida. Kumbukumbu ikiongezwa, hata yeye hunufaika, hasa ikiwa ni vibao viwili vinavyolingana badala ya kimoja.

KUPIMA KABLA YA KUNUNUA

Upungufu haujulikani kwa kukisia. Siku ya kazi nyingi, programu zote za kawaida zikiwa wazi, katibu wa chama kinachotumia Windows abonyeze kwa pamoja vitufe vya Ctrl, Shift na Esc, kisha afungue sehemu iliyoandikwa Performance. Aandike anayoyaona:

(1) Kumbukumbu ikiwa imekaribia kujaa, tuseme imepita asilimia 85, na diski inahangaika bila kupumzika, meza ni ndogo. Fedha iende kwenye kumbukumbu.

(2) Kumbukumbu ikiwa na nafasi ya kutosha, lakini diski yakaa kwenye asilimia 100 kwa muda mrefu, tatizo ni kabati. Ikiwa diski ni ya zamani, ile izungukayo, kununua SSD kutafaa kuliko vifaa vyote viwili vinavyobishaniwa.

(3) Kipimo cha GPU, yaani cha mchoraji, kikiwa ndicho kilichofika kikomo na vingine vina nafasi, hapo kadi ya picha yastahili kufikiriwa.

Kwa kompyuta ya leja jibu la tatu ni nadra. Windows 11 yahitaji gigabaiti 4 za kumbukumbu kwa uchache, na hizo hujaa upesi jedwali kubwa na kurasa za intaneti zikifunguliwa pamoja. Gigabaiti 8 huifaa ofisi ndogo. 16 huifaa ile yenye mafaili makubwa.

Kadi ina mahali pake. Chama kinachohariri filamu za mafunzo, au kinachochora ramani za majengo kwa sura tatu, chaweza kuihitaji. Tena zipo prosesa zisizo na mchoraji ndani. Kadi ya kompyuta hiyo ikifa, kioo hubaki cheusi hata kumbukumbu iongezwe namna gani, na kadi ya bei ndogo yatosha kuirudisha kazini. Michezo ya kompyuta nayo hudai kadi kubwa, lakini hilo si ombi la kupelekwa mbele ya kamati.

KIFAA KIINGIE MAHALI PAKE

Kumbukumbu za DDR3, DDR4 na DDR5 haziingiliani, na za kompyuta ya mkononi si sawa na za mezani. Baadhi ya kompyuta za mkononi zina kumbukumbu iliyolehemwa, isiyoongezeka. Windows ya biti 32 haitumii zaidi ya gigabaiti 4 hata zikiongezwa. Kadi ya picha nayo yataka nafasi yake ndani ya sanduku. Nafasi hiyo hutoa umeme usiozidi wati 75, na kadi inayohitaji zaidi huenda ikalazimisha ununuzi wa kisanduku kipya cha umeme, gharama ambayo haikuwamo katika makisio.

Bei nazo zisichukuliwe katika makisio ya zamani. Mwishoni mwa mwaka 2025 bei za kumbukumbu zilipanda sana duniani, viwanda vilipoelekeza nguvu zao kwenye mitambo ya akili mnemba. Nukuu mpya zitafutwe kwa wauzaji zaidi ya mmoja.

Kabla ya kulipa, vipimo vya katibu viambatishwe kwenye muhtasari wa kikao. Baada ya kununua, kifaa kiandikwe katika rejesta ya mali, hati ya malipo ihifadhiwe, na kile kilichotolewa kirudishwe stoo, kisiondoke na fundi. Kisha kipimo kirudiwe siku nyingine ya kazi nyingi, ili mwanachama akiuliza katika mkutano mkuu fedha yake ilifanya nini, ajibiwe kwa tarakimu.