Mkataba wa Usalama na Afya Migodini

Mkataba wa Usalama na Afya Migodini (namba 176) ni mkataba wa kimataifa uliopitishwa na Shirika la Kazi Duniani (ILO) mjini Geneva, Uswisi, mwaka 1995. Ulianza kutumika tarehe 5 Juni 1998.

Mkataba unamtaka mwajiri aondoe au apunguze hatari. Inapowezekana, kila sehemu ya kazi chini ya ardhi iwe na njia mbili za kutokea. Mchimbaji ana haki ya kuondoka mahali penye hatari kubwa. Serikali nayo inatakiwa kuwa na wakaguzi na kuweka adhabu.

Mkataba huzibana nchi zilizouridhia tu. Zambia iliuridhia mwaka 1999 na Afrika Kusini mwaka 2000. Uturuki iliuridhia mwaka 2015, baada ya wachimbaji 301 kufa katika mgodi wa makaa ya mawe wa Soma tarehe 13 Mei 2014, wengi wao kwa kuvuta hewa yenye monoksidi kabonia. Hata hivyo, Oktoba 2022 mlipuko katika mgodi wa serikali huko Amasra uliua watu zaidi ya 40. Kuridhia, basi, ni ahadi. Utekelezaji wake huonekana chini ya ardhi, katika vipimo vya gesi, hewa safi na ukaguzi wa mara kwa mara.